Baridi ya Bi Mastura

Mwezi wa kumi, Maskati bado inatokota, Bi Mastura akatangaza kwamba baridi imeshabisha hodi. Alizaliwa Unguja, na baridi ya kwanza aliyoikuta Oman ilimlaza kitandani. Tangu hapo hakuiamini tena.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta!" akasema, huku akiziba eisii zote, vile viyoyozi vya madirishani, kwa maboksi na tepu. Akatoa mablanketi mazito yenye picha za chui, akayafukiza udi, mpaka nyumba yao ya mtaa wa Wattaya ikawa tanuri.

Mumewe, Sleyum, akavumilia hadi akachoka. Siku moja baada ya chakula cha mchana akatoweka na watoto. Bi Mastura akawakuta uani, wamejazana ndani ya gari, injini inanguruma, eisii imefunguliwa hadi mwisho.

"Hamna haya nyie!" Akajipenyeza ndani apate kuwagombeza vizuri. Hakufika mbali, meno yakaanza kugongana.

"Nliwaambieni mie!" akasema kwa ushindi, akimsukuma bintiye. "Haya Jumana, kimbia ukaniletee blanketi langu. Na mlango ufunge, baridi isije ikatoka."