Muhuri wa Kuluthum

Wifi yangu Kuluthum alipenda muhuri kuliko alivyopenda pete yake ya ndoa, na namwambia hivyo mpaka leo. Tulikaa nyumba moja Bondeni. Kila asubuhi alipanda basi kwenda chuo kimoja upande wa Molo, ambako alisimamia rafu ya vitabu visivyotoka nje ya maktaba, waliyoiita reserve. Mwanafunzi alipewa kitabu kwa muda mfupi, akakisomea pale pale, akarudisha. Na kila karatasi iliyowekwa kwenye rafu ile ilipigwa muhuri wa chuo, kwa sababu kwetu karatasi isiyo na muhuri ni takataka, hata iwe imeandikwa na waziri.

Mwaka wa sabini na sita ikaletwa mashine ya fotokopi. Kiplangat, mwalimu wa somo la udongo, alikuwa na kitabu kimoja cha Uingereza na darasa zima la wanafunzi. Akamwambia Kuluthum, kwa mdomo mtupu, "Nitolee hiyo yote, copies za kutosha, weka kwa reserve."

Sheria ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya mashine: kwa masomo, sura moja yaruhusiwa, kitabu kizima hapana, mpaka mwenye haki akubali. Kuluthum aliisoma. Lakini mwalimu ni mwalimu, na yeye aliamini kabisa kwamba chuo kikishapiga muhuri, kitu kimekuwa halali. Akatoa nakala za kitabu kizima, akaupiga kila ukurasa. Alirudi nyumbani vidole vimejaa wino wa zambarau, anacheka, anatuambia watoto wa watu sasa watasoma.

Kumbe mwalimu huyo huyo alikuwa amemwagizisha Bhupendra, mwenye duka la vitabu mjini, maboksi ya kitabu kile kile. Yakakaa dukani yakila vumbi. Siku moja mwanafunzi akaingia kununua kalamu, kwapani ana nakala aliyoichomoa maktaba. Bhupendra akaiomba, akaifunua, akakuta muhuri wa chuo mwanzo mpaka mwisho. Akapiga simu Nairobi kwa waliochapa kitabu. Hapo simlaumu, hata mimi ningepiga.

Hao wakalalamika chuoni, na mkuu wa chuo akawaita Kuluthum na mwalimu. Kuluthum alikuwa mjane, na watoto wake, Alamin na wadogo zake, walikula kwa mshahara ule tu. Jioni akatueleza yote, amekaa kitandani na viatu miguuni. Mkuu aliuliza nani aliyeagiza. Kuluthum akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama dirishani, akasema, "Mimi niliomba chapter moja tu." Hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Muhuri aliupiga Kuluthum, basi kosa likawa la Kuluthum. Nakala zikachomwa nyuma ya jiko la chuo, naye akafutwa kazi.

Bhupendra alipopata habari alifika nyumbani, macho mekundu. "Dada, mimi sikutaka hivi. Nilitaka tu wanunue. Sasa hata vile vitabu nimerudisha Nairobi." Kuluthum akamwambia hana kinyongo naye. Mimi nilikuwa nacho, cha kutosha watu wawili, ila hakikuwa cha Bhupendra.

Juma lililofuata Kiplangat akabisha hodi. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikampa kiti kizuri, nikachemsha chai ya maziwa, nikijua ameshindwa kulala na sasa atarudi kwa mkuu akaseme ukweli. Akanywa chai yote. Akakohoa.

"Mama Alamin, pole sana kwa hayo mambo. Sasa kile kitabu chenyewe, ile original, uliweka wapi? Nimetafuta maktaba yote. Wanafunzi wana mtihani na sina kitu cha kufundishia."

Nikasimama nimtoe nje. Kuluthum akanishika mkono.

"Iko kwa kabati la chini, nyuma ya magazeti," akamwambia. "Karatasi zake zimelegea, mwalimu. Fungua polepole."