Uzi wa Mfamasia

Mfamasia wa kichochoro hiki cha Nagpur hatii dawa kwenye mfuko. Huifunga kwa karatasi ya gazeti, akazungusha uzi mweupe mara tatu, akaukata kwa meno. Vidole vyake vinanuka spiriti, na sauti yake haipandi hata duka likifurika, kama linavyofurika kila Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, fataki zinapoanza na vifua vya watoto kubana. Vaidehi, ambaye mwanawe ana pumu, humwamini kuliko daktari. "Vuta polepole, mwanangu," mfamasia humwambia mtoto, akimshikia dawa ya kuvuta mdomoni. "Hakuna anayetufukuza."

Juzi, akisubiri dawa hiyo dukani, Vaidehi alikuwa akitazama kwenye simu video ya mwigizaji mmoja aliyewaomba watu wapunguze fataki kwa ajili ya wenye pumu. Chini yake matusi yalijaa. "Mjomba, hebu msikie huyu," akamwambia mfamasia, akasoma: "'Malaya wa sinema, tuachie Diwali yetu. Anayekosa pumzi ahamie milimani.' Mtu mzima kweli anaandika hivi?" Mfamasia akaanza kuzungusha uzi. Vaidehi akaikuza picha iliyo kando ya jina la aliyeandika. Ilikuwa ya Lakshmi, mungu wa kike wa Wahindu, kwenye fremu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Akainua macho kwenye rafu iliyo juu ya kaunta, akamwona Lakshmi yuleyule, ufa uleule. Akaona haya kana kwamba yeye ndiye aliyeandika. Mtoto akakohoa. Mfamasia aliendelea kuzungusha uzi, mara ya nne, ya tano, ya sita, wala hakuinua uso.