Nilitangaza Eid Kabla ya Mwezi, Nikamsingizia Sheikh

Nimekosa, tena nimekosa nikiwa na akili zangu timamu. Hapa Kibaha sijamwambia mtu. Nawaambia ninyi msionijua.

Mimi ndiye ninayeshughulikia tovuti ya msikiti wetu. Tangazo likiwekwa humo, mfumo wenyewe unawatumia watu ujumbe kwenye simu. Ila lazima uuelekeze utume wakati gani. Mwanzoni niliuwekea sharti moja: Sheikh, imamu wetu, akiidhinisha kwenye simu yake, ndipo utume.

Tatizo, mzee wetu na simu hawapatani! Tangazo la darsa likachelewa, vijana wa mtaa wa Kwa Mathias wakanicheka, eti mtandao wangu unatembea kwa miguu. Hasira zikanipanda. Nikaliondoa lile sharti bila kumwambia, nikaweka kwamba nikihifadhi tu tangazo, ujumbe uende. Nikajiona fundi kweli kweli.

Ikafika Ramadhani, siku ya ishirini na tisa. Jioni, Sheikh bado anasubiri habari za mwezi, mimi nikaona niandae mapema: "Mwezi umeonekana. Kesho ni Eid." Nikahifadhi, nikaweka simu kimya, nikaingia kuswali Isha. Lile badiliko langu nilikuwa nimelisahau kabisa!

Natoka, simu imejaa "Eid Mubarak". Jamani! Mwezi wenyewe haukuonekana. Nikafuta tangazo, lakini ujumbe uliokwishafika kwenye simu ya mtu unaufutaje? Nikatuma wa kusahihisha. Nikampigia mama yangu, anayeishi Kisarawe, maana namba yake niliiingiza mwenyewe. Kazima simu. Nikapiga, nikapiga, wapi!

Asubuhi mama akanywa chai na vitumbua, akavaa kanga mpya, akaenda kuswali Eid. Akakuta msikiti umefungwa na majirani wote wamefunga. Mama yangu huyu, ambaye hata akiumwa, kumwambia asifunge ni ugomvi! Akanipigia analia.

"Ni wewe au ni Sheikh?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. "Ni Sheikh, mama. Mimi natuma ninachoambiwa tu."

"Basi huyo mzee kachoka. Si awaachie wenzake!"

Sikumkatalia. Maneno hayo yakapita kwa ndugu zetu mpaka yakafika Kibaha, watu wakaanza kunong'ona kwamba Sheikh anakurupuka. Akaulizwa mbele ya waumini. Akajibu, "Tangazo limetoka kwenye msikiti ninaousimamia mimi. Nisameheni." Mimi nilikuwa safu ya pili, nachezea vifungo vya kanzu. Haukupita muda akaacha uimamu, akarudi kwao bara.

Juzi yakanishinda, nikamwambia mama ukweli.

"Siku niliyokula nimeshailipa," akasema. "Hayo niliyomsema mzee wa watu nitayalipaje?"

Nikaanza kumtafuta Sheikh. Namba ya Sheikh sasa anayo mtu mwingine, na kijiji chao hakuna anayekijua. Nimeuliza kila niwezapo!

Ndugu zangu mnaoziagiza mashine zitume zenyewe, msimruke mwenye dhamana kwa sababu anachelewa. Mwacheni achelewe! Na ukishaharibu, sema ni mimi siku hiyohiyo, wakati bado unaujua mlango wa uliyemkosea, uende ukambishie hodi.