Ndoo ya Mchanga kutoka Nateete

Wiki iliyopita, katika gereji ya jirani yangu hapa Eldoret, nilimsikia mwenzetu mmoja wa mashindano ya magari akikataa giaboksi nzuri kabisa kwa sababu ilitoka kwa Mzee Ramadhani wa Nateete, Kampala. Alisema, "Huyo si ndiye aliyemtengenezea mwalimu ile iliyokufa Uganda?" Mwalimu ni mimi, ingawa sifundishi. Ni fundi wa maabara katika shule ya upili, na mtaani kwetu kila atokaye shuleni jioni ni mwalimu. Nikainama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Giaboksi ile haikufa. Mpaka leo iko ndani ya gari langu na inafanya kazi. Kilichotokea Kampala ni kitu kingine, na aliyewaficha ni mimi. Kwa hiyo nawasimulia safari ile upya, kuanzia getini kwangu hadi nilipoingia tena geti hilo hilo, hata kama nitaona haya kila ninapokutana nanyi sokoni.

Kabla ya safari kulikuwa na gari. Mnalikumbuka: kigari cha Kijapani cha milango mitatu, mmoja ukiwa wa nyuma, kilichokuwa kikitagiwa mayai na kuku wa jirani. Nilikitengeneza miaka miwili. Mzee Ramadhani alinikuta katikati ya kazi hiyo. Yeye ni Mnubi, ukoo wake uliletwa Uganda na jeshi la wakoloni, na alikuwa amekuja Eldoret kwa harusi ya mpwa wake. Alisikia injini yangu ikikohoa ng'ambo ya ua, akavua viatu vyake vya harusi kwenye nyasi, akaingia chini ya gari na kanzu yake nyeupe. Alipoondoka aliichukua giaboksi yangu mbovu, na baada ya mwezi ikarudi kwa lori ikiwa mpya. Aliniambia nikimaliza nimpelekee gari alione. Kwao kulikuwa na mashindano madogo kwenye kiwanja cha murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, njia ya Port Bell, na binti yake Zaitun angekaa kando yangu anisomee kona.

Kilichobaki kilikuwa keji, yaani kile kizimba cha mabomba kinachofungwa ndani ya gari ili likipinduka paa lisiwaponde waliomo. Keji hutengenezwa kwa bomba zito lisilo na mshono. Hapa mjini sikulipata, na siku ya mashindano ilikuwa inakaribia. Nyuma ya nyumba yangu kulikuwa na mabomba ya maji yaliyobaki nilipofunga tangi. Nikayakata, nikayachomelea, nikayapaka rangi nyeusi. Yalipendeza. Lakini ukiyagonga kwa spana yalilia kama kengele ya shule, na mtu yeyote mwenye masikio angejua ni membamba. Nikatafuta mchanga wa mtoni, nikaukausha, nikauchekecha kwa chekecheo la unga la mke wangu, nikaujaza ndani ya mabomba yote kabla ya kuziba ncha. Sasa ukigonga, yalijibu kwa sauti nzito ya chuma cha maana. Mke wangu aliuliza chekecheo lina kazi gani garini. Nikamwambia ni mambo ya ufundi, hawezi kuelewa.

Tena najicheka mwenyewe: nilikuwa nimeng'oa kiti cha nyuma, zulia, hata kisahani cha majivu ya sigara, ili gari liwe jepesi. Kisha nikalipakia mchanga.

Alhamisi alfajiri mlinisindikiza hadi barabara kuu, mkanipigia honi. Nilijiona mtu. Kufika Malaba, mpakani, jua lilikuwa limepanda, na askari wa forodha wa pande zote mbili walizunguka gari wakiuliza maswali ya furaha, si ya kazi. Mmoja alishika keji akaitikisa, akasema hapa hata tembo akikukalia utatoka mzima. Nilicheka naye. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aibu ya gari huijua aliyelichomelea.

Baada ya Tororo barabara ilinyooka, nikala mihogo ya kuchoma Bugiri bila kushuka garini. Jinja nilivuka bwawa nikiwa nimefungua madirisha, maji yakinguruma chini, na giaboksi ya Mzee ikibadilika kwa kidole kimoja tu. Msitu wa Mabira ulikuwa na ukungu na wauza kuku wa kuchoma wakikimbilia kila gari linalopunguza mwendo. Niliingia Kampala saa kumi jioni, nikapotea mara mbili, nikafika Nateete nikiwa nimelowa jasho. Gereji ya Mzee ilikuwa nyuma ya soko, na yeye alikuwa amesimama barabarani tangu saa nane asije mgeni wake akapitiliza.

Jioni hiyo walinilaza katika chumba cha Mzee mwenyewe. Yeye alitandika mkeka sebuleni na hakutaka kusikia neno. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi nilikwenda kumtia mwenyeji ugonjwa.

Ijumaa baada ya sala, Mzee alilikagua gari langu. Ndipo nilipojua kwamba mkaguzi wa mashindano yale alikuwa yeye. Hakuna gari lililoingia kiwanjani bila sahihi yake, na kila mtu alijua desturi yake: anachukua drili ya mkono, anatoboa tundu dogo kwenye keji, anapima unene wa chuma, kisha analiziba. Niliiona drili juu ya meza. Nikaona mikono yangu inatafuta mahali pa kukaa.

"Hii bomba ni ya aina gani?" aliniuliza.

"Ile nzito, isiyo na mshono," nilisema. "Niliagiza Nairobi."

Alichukua spana akagonga, sikio lake likiwa karibu na bomba. Akagonga pale juu ya kiti cha abiria. Akaitazama drili, akaitazama rangi yangu nyeusi inayong'aa, akairudisha drili kwenye kisanduku chake. Alisema hawezi kutoboa gari la mgeni aliyelitengeneza kwa mkono na kulileta kutoka mbali. Kisha akaweka sahihi. Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema, na muda ulikuwepo wa kutosha, maana alisimama kutafuta miwani yake. Nilimwokotea miwani.

Jumamosi asubuhi tulishuka kiwanjani kwa mazoezi. Ziwa lilionekana kwa chini, na mabehewa ya treni yakisubiri kuingizwa melini Port Bell. Jela ya Luzira haiko mbali, na madereva wenzangu walinitania kwamba mgeni akikosea kona ya mwisho anaenda kulala huko. Ardhi yote pale ni nyekundu. Vumbi lake linaingia puani, kwenye chai, kwenye mikunjo ya nguo. Zaitun alivaa helmeti juu ya ushungi wake mweusi, akajifunga mikanda, akafungua kidaftari chake. Alikuwa na miaka kama ishirini na minne, fundi kama baba yake, na sauti yake haikutetemeka hata gari lilipoteleza ubavu.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Tuliposimama alivua helmeti, akajipangusa bega, kisha akatulia akitazama kiganja chake.

"Kaka," alisema, "hii mchanga si ya hapa. Ya hapa yote iko mwekundu. Hii iko mweupe."

Nikamwambia ni vumbi la safari, la Eldoret, limejificha kwenye paa. Nilisema haraka mno. Alinitazama kidogo, akavaa helmeti yake tena. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imebaki urefu wa mzunguko mmoja.

Katika mzunguko wa pili, kwenye kona ya mtaro, gurudumu la kushoto liligonga ukingo na gari likainuka upande wangu. Tulitembea kwa magurudumu mawili, upande wake ukiwa chini. Sijui ni muda gani. Nilichoona ni kiungio cha keji juu ya kichwa chake kikiwa kimepasuka, na mchanga ukimiminika kama uzi mweupe juu ya helmeti yake, shingoni, kwenye kidaftari, naye bado anasoma: kulia, kulia, nyoosha. Gari likaanguka tena kwa magurudumu yake. Ningependa kuwaambia kwamba nilikanyaga breki pale pale. Sikukanyaga. Nilimaliza mzunguko, tena kwa muda mzuri.

Zaitun alifungua mikanda, akakusanya mchanga kwenye kiganja, akatembea nao hadi kwa baba yake akiwa ameufunika kwa mkono wa pili. Nilibaki nimekaa. Niliona Mzee akiutazama, akiugusa kwa ulimi, kisha akienda kuchukua kisanduku chake. Alipofika kwenye gari aliniomba ruhusa, kana kwamba bado nilikuwa mtu wa kuombwa. "Niruhusu nitoboe?"

Niliitikia kwa kichwa. Drili haikuzunguka mara nyingi. Bomba lilipasuka kama bati na mchanga ukamwagika juu ya kiatu chake. Madereva walikuwa wamekusanyika, na hakuna aliyecheka. Mzee aliingiza msumari kwenye tundu akapima, akautoa, akaupangusa kwenye suruali yake.

"Bomba ya maji," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Uliweka mtoto wangu chini ya bomba ya maji."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alikwenda kwenye meza ya msimamizi wa mashindano, baba mmoja Mganda ambaye kila mtu alimwita Ssaalongo kwa sababu amezaa mapacha, akaomba jina lake mwenyewe lifutwe kwenye orodha ya wakaguzi. Ssaalongo alisimama.

"Mzee, makosa ni ya huyu mugeni. Gali ni yake. Wewe unajitoa kwa nini?"

"Mugeni ni wangu," alisema Mzee. "Na sikio ilikuwa yangu. Futa."

Jina likafutwa mbele ya macho yangu. Miaka kumi na mitano alikuwa mkaguzi, Zaitun aliniambia baadaye, bila kuniangalia. Jumamosi hiyo nililia ndani ya choo cha kiwanja, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, na nilipotoka nilinawa uso kwa maji ya bomba.

Jioni tulikula pamoja Nateete kama kawaida. Hilo ndilo lililonimaliza. Nyama yangu haikupungua hata kipande. Mzee alinisogezea bakuli la mchuzi kwanza, kama jana yake. Nilianza kuomba msamaha, na yeye akanikatiza akiniuliza kama giaboksi ilinisumbua njiani. Nikasema haikunisumbua. Akasema basi hilo ni jambo jema.

Jumapili asubuhi, wengine walipokuwa wakishindana, sisi wawili tulikuwa gerejini tukiikata keji. Alisema siwezi kurudi nayo, kwa kuwa dereva anayejiona amekingwa huendesha vibaya kuliko anayejua yuko wazi. Yeye alishika msumeno, mimi nikashikilia mabomba, na kila kipande kilipotoka alimimina mchanga wake ndani ya ndoo kuukuu ya rangi mpaka ikakaribia kujaa. Nilimwambia ayatupe mabomba. Alikataa. "Bomba haina makosa. Kazi yake ni maji." Aliyapanga ukutani, pale alipotaka kuweka mfereji wa kunawia. Ile ndoo aliiweka kwenye kiti cha Zaitun, akaifunga kwa mikanda ile ile, akanishika mkono, akanitakia safari ya heri.

Malaba, askari wa forodha aliifunua ndoo akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akitafuta kilichofichwa. Hakupata kitu. Aliniuliza kwa nini nautoa mchanga Uganda kuupeleka Kenya, kwani kwetu umekwisha? Nikamwambia ni wa kwetu, naurudisha. Alinitazama kama mgonjwa, akanifungulia kizuizi.

Eldoret nilifika usiku umeshaingia, na nyinyi mlikuwa mnanisubiri getini. Mliniuliza kulikoni, mbona hakuna kombe, na keji iko wapi. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya gia, ile iliyonipandisha vilima vyote bila kulalamika hata mara moja. Nikasema, "Giaboksi imeniangusha. Hata keji nimeitoa nipunguze uzito, gari lifike nyumbani." Mkasikitika pamoja nami, mkamlaumu fundi, nikawaacha mmlaumu.

Nilichojifunza si kikubwa. Nilidhani uongo wa ufundi unakaa ndani ya chuma alipouweka mtu. Kumbe hutoka, na humwangukia aliyeketi kando. Keji yangu ya sasa ni ya bomba zito kweli, na ina tundu juu ya kiti cha abiria ambalo sijaliziba. Njooni na msumari mpime. Na giaboksi ya Mzee Ramadhani, mwenye kupewa aichukue.

Juzi nilipiga simu Nateete kumwambia Mzee kwamba nitayaandika haya. Alipokea Zaitun. Alisema baba yake hajambo, lakini hajarudi kukagua magari tangu siku ile, ingawa kila mwaka wanamwomba. Siku hizi mkaguzi ni Zaitun mwenyewe. Nikamwuliza, kwa kukosa la kusema, kama naye anagonga kwa spana. Alisema hapana, yeye anatoboa kila gari, na anaanza na la mgeni.