Soda ya Maganda ya Nanasi

Juzi pale Kibirizi, nikisubiri mzigo wangu wa dagaa, mama mmoja aliyekuwa akingoja boti ya Mwamgongo alifungua chupa ya plastiki iliyovimba. Povu liliruka likamlowesha kanga. Alicheka, akanimiminia kikombe. Ilikuwa tamu yenye ukali kidogo, nikaomba cha pili.

"Ni soda," alisema. "Nimeloweka maganda ya nanasi na sukari siku tatu. Nampelekea mama mkwe."

Mzee mwenye kofia akageuka. "Imechachuka?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hiyo ni pombe, mwanangu."

"Mbona hata togwa inachachuka na tunakunywa?"

Mzee akaomba kikombe, akanusa, akakirudisha, kisha akakiomba tena. "Hata sijui," alisema taratibu.

Mama akaishiwa raha. "Mkwe wangu mtu wa swala, hajagusa kilevi maisha yake yote." Akakaza kifuniko cha chupa, akakilegeza. Boti ikafika.

"Nitamweleza nilivyoitengeneza kabla hajaonja," alisema akipanda. "Aamue mwenyewe."

Mzee, aliyemshikia chupa alipokuwa akipanda, akampokeza kwa mikono miwili. Mimi nilibaki ufukweni na vikombe viwili tumboni, nisijue nimekunywa nini.