Gari Lililopimwa Juu ya Mawe

Harufu ya mafuta ya shokapu iliyopasuka, yakishachanganyika na vumbi, hunikera mpaka leo. Wiki iliyopita nilipita mbele ya gereji moja hapa Mpanda, harufu ile ikanipokea barabarani, nikajikuta nimekunja uso peke yangu. Basi acheni niwaambie habari za Baba Mkubwa na gari lake, maana katika ukoo wetu habari hizi husimuliwa vibaya.

Baba Mkubwa, kaka yake baba, alikuwa na gari la spoti. La zamani, jekundu, milango miwili, limelala chini kama kenge. Alilinunua kwa mzungu mmoja wa tumbaku aliyekuwa anahama, na tangu siku hiyo akaanza kuvaa miwani ya jua hata kanisani. Gari lenyewe halikutembea. Lilikaa juu ya mawe manne uani kwetu Makanyagio, matairi yakining'inia hewani, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Kila Jumapili baada ya misa alilifuta kwa fulana kuukuu huku akiwaeleza wapita njia kasi yake. Debe tupu haliachi kuvuma. Wapita njia waliitikia kwa adabu, wakaenda zao.

Ilipokaribia harusi ya binti yake, Dada Paskalina, akatangaza kwamba bibi harusi atakwenda kanisani kwa spoti. Injini ilifufuliwa, kwa miujiza gani sijui. Zikabaki shokapu, zile za kumeza mitikisiko ya barabara, na zote nne zilikuwa zimevuja na kufa kitambo. Akaitwa Fundi Nduwayo.

Nduwayo alikuwa na kibanda cha mabati karibu na stesheni, akitengeneza pikipiki na gari moja moja. Kibanda hicho ndicho kilichomlisha yeye na wanawe. Watu wa kwetu walimwita mkimbizi, ingawa alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya Warundi waliokimbia vita, akakulia Katumba, na Burundi hajawahi kuiona. Ulimi wake wa Kirundi ulipenda kuweka r mahali pa l. Aliizunguka ile spoti mara mbili, akalala chini, akachungulia, akainuka akijipangusa.

"Mzee, rishushe kwanza chini," akasema. "Tupakie watu ndani, ndiyo tupime. Shokapu inapimwa gari rikiwa na mzigo."

Hapo ndipo ujinga wa kwetu ulipoingia. Baba Mkubwa alikuwa ameapa kwamba gari halitashuka mpaka matairi mapya yafike, tena mbele ya wageni. Kwetu gari likikaa juu ya mawe ni mali iliyotunzwa. Likikaa chini na matairi yasiyo na upepo ni chuma chakavu, na majirani watasema mwenyewe amefilisika. Kwa Baba Mkubwa ilikuwa afadhali kipimo kiwe cha uongo kuliko majirani wacheke.

"Wewe umezoea baiskeli za kwenu," akamjibu. "Hii ni spoti. Pima hapo hapo."

Nilikuwa na miaka tisa. Mimi ndiye niliyeshika ncha ya tepu chini ya gari na kuandika urefu kwenye daftari. Na fundi alipotoa mguu tu, mimi ndiye niliyesimama katikati ya ua, nikajipangusa kama yeye, nikasema, "Mzee, rishushe kwanza chini!" Baba Mkubwa alicheka mpaka akashika tumbo. Kuanzia siku hiyo kila rafiki yake alipokuja niliitwa niigize. Katika nyumba yenye watoto kumi na mmoja sikuwahi kupata sifa tamu kama ile.

Duka la Dar es Salaam lilikuwa na aina mbili: fupi nyeusi na ndefu nyekundu. Nduwayo aliomba zinunuliwe zile fupi. Alieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto, na mimi mtoto nilielewa: gari likiwa hewani miguu imenyooka, likikaa chini inakunjika. Shokapu ndefu itakosa nafasi ya kukunjika, itagonga. Baba Mkubwa akachagua ndefu, kwa kuwa daftari lilisema hivyo, na kwa kuwa zilifanana rangi na gari. Nimewahi kuona walevi wakichagua pa kulala kwa akili zaidi ya hiyo. Nduwayo akazifunga, maana angekataa wangesema hajui kazi.

Siku ya harusi spoti ilishushwa kwa vigelegele, ikasimama juu juu kama jogoo anayetaka kupigana. Baba Mkubwa alishika usukani, Dada Paskalina pembeni yake na shela. Hawakufika mbali. Kwenye reli gari liligonga mara moja, kishindo kizito, shokapu ya mbele ikatoboa bati lenye kutu na kuchungulia nje karibu na boneti. Mafuta yakatiririka barabarani. Dada Paskalina alifika kanisani kwa miguu, vumbi limempanda hadi magotini, na katika picha zake zote za siku ile ana macho mekundu. Mdharau mwiba mguu huota tende, ila safari hii tende lilimwota binti.

Ukumbini Baba Mkubwa alishika kipaza sauti. "Yule mkimbizi amenihujumu," akasema. "Yeye ndiye aliyeniambia nichukue ndefu."

Bibi, mama yake mzazi, mtu pekee aliyeweza kumnyamazisha, akaniinamia. "Wewe ulikuwepo, mjukuu wangu. Fundi alisemaje?"

Nilikuwa na pilau mdomoni. Nikameza kwanza.

"Alisema ziko sawa, Bibi."

Bibi akaguna, ikaishia hapo. Haukupita mwezi, watu wakaondoa pikipiki zao kwa Nduwayo, na mwenye kiwanja akakitaka kiwanja chake. Nilimwona akipita mbele ya kwetu akikokota baiskeli, sanduku la spana nyuma na mabati juu yake, akirudi Katumba. Akanisalimia, "Hujambo mtoto." Nikamwitikia, "Sijambo."

Kumdharau Baba Mkubwa ni raha yangu ya siku nyingi, na wala siiachi. Lakini yeye alidanganya ili aokoe uso wake. Mimi kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliogopa, na huo nao ulikuwa uongo. Ningeogopa nini, na Bibi ameniinamia akisubiri ukweli? Maneno ya fundi nilikuwa nayo yote kichwani, kwa sauti yake mwenyewe, nimeyasema mara ishirini kuchekesha wageni. Mtu ukishamfanya kichekesho, haki yake inakuwa jambo dogo. Sikumchukia Nduwayo hata kidogo. Niliona tu hastahili niache kula pilau.