Mdhamini wa Pili

Dada yangu alikuwa na kaunta buku ya kwaya tatu, jalada la kijani, na humo ndani aliandika kila ufadhili wa utafiti aliouona mtandaoni. Jina la ufadhili, nchi, siku ya mwisho ya kuomba, na pembeni kabisa safu ya matokeo. Matokeo yalikuwa ya aina tatu. "Imepita" ilimaanisha kaliona tangazo likiwa limeshafungwa jana yake. "Si sisi" ilimaanisha kasoma ukurasa mzima akikenua meno, kufika chini kakuta raia wa nchi yetu hawahusiki. Ya tatu ilikuwa "Kimya." Alituma, akasubiri, hawakumjibu hata kumtukana. Kimya zilikuwa nyingi mpaka akaanza kufupisha, anaandika K tu.

Siku moja nikachukua peni, nikaandika mbele ya K mojawapo: "Marehemu. Mazishi saa kumi, wote mnakaribishwa." Nilikuwa kidato cha tatu, likizo, sina kazi ya maana. Dada akafungua, akasoma, nikajiandaa kukimbia. Akanirudishia peni.

"Andika na siku ya arobaini," akasema, akaenda kulala. Ilikuwa saa tisa mchana.

Hapo ndipo nilipojua kwamba amechoka kweli.

Alisoma afya ya mazingira, akamaliza, akawa anajitolea kwenye kliniki moja ya masikio kule Upanga. Kujitolea ni kazi ambayo unawahi kuliko bosi na unarudi kama ulivyokwenda. Kitu alichotaka kuchunguza kilikuwa chini ya dirisha letu. Tunakaa ghorofa ya tatu, hapahapa Kariakoo, na chini yetu kuna spika nne za wauza viatu, kila spika na mtu wake aliyerekodiwa. "Njoo uone, njoo uone, wahi kabla havijaisha!" Havijawahi kuisha. Mtu wa kwenye spika hali, hasali, hakohoi. Anaanza saa mbili asubuhi mpaka maduka yafungwe. Dada alitaka kujua wanaofanya kazi pale siku nzima masikio yao yanakuwaje baada ya miaka kadhaa, na nani wa kuambiwa. Kwa hilo alihitaji shahada ya pili na mtu wa kumfadhili miaka miwili.

Shangazi yetu, dada yake baba, ana duka la mapazia mtaa wa tatu kutoka kwetu. Alimpa dada mpaka mwisho wa mwezi aamue. "Nakuachia duka, mwanangu, mimi magoti hayataki tena," alisema. "Lakini niambie moja. Ukiingia umeingia, sitaki mtu wa mguu mmoja huku mwingine kwenye kompyuta." Dada akajibu kwamba amebakiwa na ombi moja tu. Likikataliwa hilo, anahamia kwenye mapazia, na kaunta buku tutafungia vitumbua.

Ombi lenyewe lilikuwa na fomu ya kurasa kumi na moja. Eleza utafiti wako kwa maneno mia tano. Eleza tena kwa maneno mia. Eleza kwa mtu asiyejua chochote. (Hicho kipengele nilisomewa mimi, kwa majaribio. Nimesamehe.) Mwisho wakataka wadhamini wawili. Huku kwetu mtu akiandika barua ya kazi, wale wanaomjua kimasomo, watakaoulizwa habari zake, anawaita wadhamini. Wa kwanza alikuwa daktari wa kliniki, akakubali. Wa pili alikuwa profesa mstaafu aliyemsimamia chuoni, mama mmoja anayeishi Upanga, na huyo alikuwa hapokei simu wala hajibu barua pepe, wiki ya pili sasa, na dada aliona haya kumfuata nyumbani.

Jumatano, siku mbili kabla fomu haijafungwa, dada aliingia ndani, akavua viatu, akasema akiangalia ukuta: "Mdhamini wa pili hapatikani."

Hakuwa anamwambia mtu. Ila mama alikuwa jikoni, na mama ana masikio ambayo hakuna spika itakayoyaweza.

Kwa mama, mdhamini ni mtu mwingine kabisa. Ni yule anayekwenda kituoni kukutoa ukikamatwa, mtu mwenye nyumba na jina, anayesema mbele ya askari, huyu ni wangu, akikimbia nishikeni mimi. Familia isiyopata mdhamini ni familia iliyodharauliwa na mtaa mzima. Asubuhi dada alipotoka, mama akajifunga mtandio, akashuka chini kwa Ami.

Ami ni mzee wa Kiarabu mwenye duka la vitasa na bawaba kwenye jengo letu, yupo pale tangu mama hajaolewa. Alipanda ngazi ghorofa tatu, kanzu imepigwa pasi, na bahasha ya kaki kwapani.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba binti. Iko wapi hiyo karatasi?"

Alitoa vitu mezani kimoja kimoja. Nakala ya hati ya nyumba. Leseni ya biashara. Picha nne za pasipoti, ambazo ndani yake amekasirika kwa namna nne tofauti. Na barua ya serikali ya mtaa yenye mhuri, inayosema anafahamika.

"Na shahidi yupo," akasema mama. "Mimi."

"Tena waambie hao wazungu," Ami akaniambia, "akitoroka waje dukani. Siku zote nipo. Ijumaa baada ya swala."

Sasa niseme ukweli. Nilijua. Fomu ilikuwa wazi kwenye kompyuta ya dada, na nilishaisoma mara nyingi kuliko daftari langu la kemia. Nilijua wanataka mwalimu, hawataki mwenye nyumba. Ningeweza kusema. Lakini mama alikuwa amesimama pale anang'aa kama mtu aliyeleta posa, na mzee wa watu anahema kwa ajili ya ngazi zetu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nakufa kwa kicheko ndani ya tumbo na nilitaka kuona mwisho wake.

"Jaza jina la Ami," mama akaamuru.

Nikajaza. Barua pepe ya Ami niliifungua mimi mwenyewe mwaka jana, apate kutumiwa picha za wajukuu. Dakika haikupita simu yake ikalia, maswali yameingia kwa Kiingereza. Nikawa mkalimani.

"Wanauliza unamfahamu mwombaji kama nani."

"Kama nani vipi? Nimembeba huyu! Alinitapikia kanzu ya Idi."

"Wanauliza, kati ya wanafunzi wote uliowahi kufundisha, yeye yumo kwenye asilimia ngapi ya juu? Moja, tano, kumi?"

Ami akafikiri sana. "Nimefundisha vijana wawili kufunga vitasa. Mmoja alikimbia."

"Kwa hiyo?"

"Weka moja. Huyu hajakimbia."

"Udhaifu wake mkubwa ni upi?"

"Hali," mama akadakia. "Andika hali. Akishika hiyo kompyuta chai inapoa mpaka inaota ngozi."

Nikaandika yote. Nikaambatanisha hati ya nyumba. Nikabonyeza tuma, na wote wawili wakasema alhamdulillah kwa pamoja, nami nikakimbilia chumbani, nikauma mto.

Dada alirudi jioni na kukuta kwenye fomu alama ya kijani: mdhamini wa pili amejibu. Nilimuona uso ukifunguka. Akadhani ni profesa. Aliishika hiyo furaha kwa muda kama wa kuvua soksi moja, kisha akasoma jina.

Nilishajiandaa kwa kofi. Nilishajiandaa kwa kelele, na utetezi wangu nilikuwa nao, mama alisema, Ami alisema. Dada akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati, soksi nyingine bado mguuni.

"Wewe ulikuwepo," akasema.

"Nilikuwepo."

"Na fomu uliisoma."

"Niliisoma."

"Sawa."

Nawaambia, hiyo "sawa" ilinikaa wiki nzima. Mtu anayekupiga bado ana nguvu ya kukutaka uwe mtu mzuri. Nikatoka kwenda kusimama kwenye ngazi, na kule nje jamaa wa spika anawaambia watu wawahi.

Mama alipoelezwa alikasirika kwanza, akasema hao watu hawana adabu, mzee kapanda ngazi na hati yake. Kisha akaingia jikoni. Akamletea dada chai, akakaa naye pale sakafuni, hakurudia neno mdhamini.

Usiku dada akaandika kwa ofisi ya ufadhili, akaeleza kosa bila kunitaja. Ijumaa wakajibu, mistari miwili: anaweza kubadilisha mdhamini mmoja mpaka Jumatatu saa sita mchana. Jumamosi asubuhi akaniambia nivae viatu.

"Tunaenda wapi?"

"Upanga. Wewe utabeba kompyuta."

Profesa alitufungulia mlango mwenyewe, miwani myeusi, jicho moja limefunikwa kwa pamba. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho, na kwenye simu haoni kitu ila mwanga. Tukamwamkia, akampapasa dada begani.

"Kumbe ni wewe unayepiga? Hii simu inalia tu, sijui ni nani. Kaeni."

Dada akamweleza, sauti ya chini, kama anayeomba maji kwenye nyumba ya watu. Profesa akasikiliza.

"Mimi siwezi kusoma wala kuandika mpaka wiki ijayo," akasema. "Basi andika wewe habari zako, unisomee. Penye ukweli nitasema ndiyo, pasipo na ukweli nitakwambia futa."

Dada akafungua kompyuta mapajani. Akaandika, akafuta. Akaandika. Nilichungulia. Dada huyu, ambaye anaweza kukueleza sikio la ndani mpaka ukaogopa kulitumia, alikuwa ameandika mistari mitatu: ana nidhamu, ana heshima kwa wakubwa, anajitahidi.

"Nisomee," akasema profesa.

Akasoma. Profesa akacheka mpaka akashika pamba isidondoke.

"Mwanangu, 'anajitahidi' ni neno tunaloandika kwenye ripoti ya aliyeshika mkia!"

Mimi nalifahamu neno hilo vizuri, lipo kwenye ripoti yangu tangu darasa la tatu. Dada alijaribu kutabasamu. Akaanza tena, mikono ikasimama hewani juu ya vitufe. Alikuwa amejisifu kwa miaka mitatu, kwa maneno mia tano, kwa maneno mia, kwa watu waliomjibu kimya. Hakuwa na sifa nyingine iliyobaki.

"Nipe," nikasema.

"Usianze."

"Sianzi. Nipe."

Sijui kwa nini alinipa. Labda uchovu tu. Niliandika Kiswahili changu cha mtaani, yeye angetafsiri. Niliandika kuhusu siku aliyosimama kwenye kona ya wauza viatu na kile kidude cha kupima kelele cha kuazima, betri ikafa saa nne asubuhi, akanunua nyingine, nayo feki, ikafa. Hakurudi nyumbani. Alimkimbilia fundi simu, wakaunganisha waya kwenye chaja, akaendelea mpaka jioni, kila robo saa anaandika namba kwenye karatasi. Aliporudi tulimwita, haitiki. Tukacheka, tukadhani anaringa. Kumbe masikio yalikuwa yanalia tu. Kesho yake akarudi palepale, kwa sababu kwenye karatasi kulikuwa na saa moja yenye pengo, ile aliyohangaika na betri. Nikaandika pia kwamba kaka muuza viatu alimwambia dada, ukitaka kusikia vizuri njoo nikunong'oneze.

Nikamsomea profesa. Akamgeukia dada, nikahisi nimezingua.

"Ulirudi kwa ajili ya saa moja?" akamuuliza dada.

"Ndiyo, Profesa. Data ingekuwa na shimo."

"Hukuwahi kunieleza."

"Sikujua kama ni kitu cha kueleza."

"Iache yote," profesa akaniambia. "Toa muuza viatu."

Nikatoa muuza viatu, kwa uchungu. Dada akatafsiri, profesa akasomewa tena, akaongeza mambo yake mwenyewe ya chuoni, kisha tukamwekea kidole kwenye kitufe na akabonyeza yeye. Tulirudi kwa miguu mpaka Kariakoo. Nusu ya njia dada alinipokea begi la kompyuta.

Majibu yalichelewa. Mwisho wa mwezi ulifika, shangazi akaongeza mwezi mmoja, akisonya, kisha akaongeza na mwingine bila kusonya, kwa sababu alishamuona dada alivyokonda. Yalipokuja ilikuwa mchana, dada yuko kwenye mkeka anakunja nguo. Akasoma, akaniletea nisome mimi, kama mtu asiyeamini macho yake.

Wamempa. Ila mwaka mmoja. Mwaka wa pili atafute mwenyewe, wakamtakia kila la heri.

Mama alipiga vigelegele hapohapo, na jirani wa ghorofa ya pili akavipokea bila kujua ni vya nini. Dada alikuwa anaendelea kukunja nguo. Alimaliza shati, akalilaza juu ya mengine, akachukua simu.

"Shangazi, shikamoo. Sitakuja dukani."

Sauti ya shangazi tuliisikia wote. "Alhamdulillah! Umepata! Miaka miwili?"

"Mmoja."

"Na huo mwingine?"

Dada akaegemea ukuta, akafumba macho.

"Huo mwingine, shangazi, ngoja kwanza nilale."